Ujira wa Katibu na Amana ya Wanachama

Kwa muda wa miaka sita nilikuwa katibu wa hisani wa chama kidogo cha walimu wa sayansi katika mji mmoja wa pwani, na mali yote ya chama hicho, tangu katiba hata muhuri, ilikaa ndani ya sanduku la bati lililowekwa mvunguni mwa kitanda changu. Mlikuwamo daftari la ada lenye jalada jekundu, kitabu cha stakabadhi ambacho kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa unyevu, kumbukumbu za mikutano zilizoandikwa kwa wino wa rangi tatu, na bahasha ya picha za mwezi zilizopigwa na mwanachama aliyekwisha kufariki. Nilipopata uhamisho wa kazi nilimkabidhi sanduku lile mwenzangu aliyechaguliwa kushika nafasi yangu. Yeye naye, alipohamishwa mwaka uliofuata, alimwachia nduguye, kwa kuwa mkutano wa uchaguzi haukupata akidi. Na siku niliyorejea mjini nikaomba kulitazama, niliona kwamba kutu imetoboa tundu chini yake, na mchwa wamelila daftari la ada tangu jalada mpaka katikati, wala hapakuwa tena na mtu awezaye kusema kwa yakini nani ni mwanachama na nani siye. Chama kile hakikuvunjwa na ugomvi, wala hakikuibiwa senti. Kilikufa kwa sababu miongoni mwetu sote hapakuwa na hata mmoja ambaye kukitunza ndiko kulikuwa kazi yake ya kila siku.

Sanduku lile hunirudia moyoni kila nisikiapo watu wa elimu wakibishana kama ni halali chama kilichoasisiwa kwa mapenzi ya elimu kupanga ofisi, kuajiri katibu mtendaji na mhasibu, na kuwalipa mshahara kutokana na ada na misaada. Wako wasemao kwamba siku ujira unapoingia kwa mlango wa mbele, ikhlasi hutoka kwa mlango wa nyuma. Na wako wasemao kwamba kujitolea ni mambo ya kale, na kwamba chama cha leo sharti kiendeshwe kama kampuni. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimekosea jambo moja, nalo ni kudhani kwamba kazi na amana ni kitu kimoja. Kazi yaweza kuajiriwa, tena ni wajibu iajiriwe chama kinapokua. Ama amana, hiyo haiajiriki, na chama kinachojaribu kuiweka mikononi mwa mwajiriwa pamoja na funguo za ofisi hakikawii kujiona kimebaki jina tu.

Jambo hili si geni, maana vyama vya sayansi vimelijua tangu siku za mwanzo wake. Mwezi wa Novemba mwaka 1660 mabwana kadhaa walikutana katika Chuo cha Gresham, London, wakakubaliana kuunda jamii ya kuyachunguza maumbile kwa majaribio, jamii ambayo miaka miwili baadaye ilipewa hati ya mfalme ikaitwa Royal Society. Walikuwa watu wenye nafasi, na kila mmoja aliahidi kutoa shilingi moja kwa wiki. Ahadi ilikuwa nyepesi ulimini lakini nzito mkononi, kwa maana wengi walikaa miaka bila ya kulipa. Mzigo ulimwangukia Henry Oldenburg, mzaliwa wa Bremen aliyejua lugha nyingi, ambaye kwa ukatibu wake aliandikiana barua na wanazuoni wa Ulaya nzima, na mwezi wa Machi mwaka 1665 akaanza kutoa jarida la Philosophical Transactions kwa gharama na hatari yake mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, hata mwaka 1752, ndipo chama chenyewe kilipolipokea rasmi jarida lile na kuliwekea kamati ya kuchagua makala. Kwa muda wa miaka themanini na zaidi, jambo lililokipa chama sifa duniani lilikuwa likining'inia juu ya mabega ya makatibu wake, mmoja baada ya mwingine.

Kadhalika tazama habari ya Robert Hooke, mwana wa kasisi asiyekuwa na mali, ambaye mwaka 1662 alifanywa msimamizi wa majaribio, akatakiwa katika kila mkutano awe amekwisha kutengeneza majaribio matatu au manne ya kuwaonyesha wakubwa waliokaa vitini. Mabwana wale walikuja wapendapo, na wasipopenda hawakuja. Hooke hakuwa na hiari hiyo. Naona ni jambo la kuzingatiwa sana kwamba mtu ambaye jina lake wanafunzi wetu wa fizikia hulitaja hata leo wanaponing'iniza mawe ya mizani kwenye springi, aliingia katika sayansi kwa njia ya kuajiriwa, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuingia.

Na kisa cha Edmond Halley kinafundisha zaidi. Mwaka 1686 chama kilimwajiri kuwa karani, na ili aistahiki kazi hiyo ilimlazimu kuacha heshima ya uanachama kamili, kwani ilionekana haifai mtu awe bwana na mtumishi kwa wakati mmoja. Mwaka ule ule chama kilikuwa kimeimaliza hazina yake kwa kuchapisha kitabu kikubwa cha Francis Willughby kuhusu samaki, chenye michoro mizuri na wanunuzi wachache. Basi ulipofika wakati wa kuchapisha Principia ya Isaac Newton, kitabu kilichokuja kubadili fikira za wanadamu juu ya mbingu na ardhi, fedha hazikuwapo, na Halley akatoa zake mfukoni. Mshahara wake wa pauni hamsini, ulipokuja kulipwa, alilipwa kwa nakala hamsini za kitabu cha samaki. Msomaji asidhani kwamba hii ni hadithi ya kuchekesha tu. Ni picha ya chama ambacho kimekwisha kuajiri lakini hakijajifunza kuajiri, chama ambacho kinataka kazi ya mtu mzima na kinalipa kwa mabaki ya ghala; na vyama vya namna hiyo, ikiwa tutasema kweli, tunavyo hata katika miji yetu hii.

Ama karibu na kwetu, mfano ulio bora niujuao uko Nairobi. Mwaka 1909, mji ule ulipokuwa ungali mchanga, umezaliwa juzi na reli, watu wachache waliokuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi waliasisi chama cha elimu ya viumbe na maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Jackson, mtawala ambaye mapenzi yake yalikuwa kwa ndege, na C. W. Hobley, na Harry Leakey, mmisionari wa Kabete. Mwaka uliofuata walianza kutoa jarida, na papo hapo wakafungua makumbusho madogo ya kuwekea ndege waliokaushwa, vipepeo waliochomwa pini na mimea iliyobanwa katika karatasi. Hapakuwa na mshahara. Jioni baada ya saa za ofisi mtu aliandika lebo kwa mkono wake, na siku za mapumziko akapigana na mende waliokuwa wakizila ngozi za ndege.

Lakini sampuli hazijui siku za mapumziko. Zilivyozidi kuongezeka, ndivyo ilivyodhihiri kwamba vitu vinavyotakiwa kukaa karne moja haviwezi kutegemea nafasi ya mtu aliyechoka kwa kazi nyingine. Jumba kubwa lilijengwa katika kilima kinachotazama mjini, likafunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, gavana aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla yake, na baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Louis Leakey, mwana wa yule mmisionari, aliishika kazi ya utunzaji wa jumba hilo mwaka 1941 kwa hisani, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha akaendelea nayo kwa mshahara. Hivyo, katika nyumba moja, baba aliasisi kwa kujitolea na mwana akaajiriwa kuendeleza. Wala sijasikia mtu akisema kwamba mwana aliipenda elimu pungufu ya baba kwa kuwa alikuwa akipokea ujira.

Chama chenyewe hakikufa baada ya kuzaa makumbusho. Kiliendelea na jarida lake na maktaba, na katika miaka ya 1990 nacho kikafika pale ambapo mtoto wake alikuwa amekwisha kufika: kikajenga ofisi yenye watumishi wa kulipwa, kikajulikana kwa jina la Nature Kenya, kikawa mshirika nchini humo wa shirika la kimataifa la ndege, BirdLife International. Matunda yake yako wazi. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya, iliyotungwa kwa rekodi za watazamaji wengi waliozunguka nchi wakiwa na darubini na daftari, bila ya kulipwa na mtu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu kilichoorodhesha mahali sitini ambapo pana umuhimu mkubwa kwa uhai wa ndege wa nchi hiyo. Kati ya vitabu hivyo viwili, ukivisoma kwa pamoja, utaiona safari nzima ninayoisimulia: macho ya watu wa hiari yaliona, na mikono ya watu wa kazi ikakusanya, ikapima, ikapanga, na ikapeleka hoja mbele ya serikali kwa namna ambayo daftari la mtu mmoja halingeweza kamwe kuipeleka.

Mfano wa pili uko pwani, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambamo mna bundi mdogo anayeitwa kwa jina la msitu huo. Mwaka 1993, wakati watu wengi wa kando ya msitu walipokuwa wakitaka ukatwe wapate mashamba, kwa ushirikiano wa chama hiki na Makumbusho ulianzishwa huko Gede mradi wa Kipepeo, ambao kwao wakulima hufuga viwavi nyumbani, na kipepeo angali amejifunga ndani ya gamba lake, kabla hajatoa mbawa, huuzwa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Hebu mtu atafakari maana ya biashara hiyo. Gamba likipasuka njiani, mali imepotea. Muda uliopo ni siku chache tu baina ya banda la mkulima na mlango wa mnunuzi. Lazima pawe na mtu wa kupokea, wa kuhesabu, wa kupanga katika pamba, wa kujaza hati, wa kuwahi ndege, na wa kumlipa mkulima haki yake bila kumzungusha. Na mzigo huo hauwezi kungoja Jumamosi ambayo mweka hazina wa hisani atapata nafasi ya kutoka kazini kwake. Msitu ule una deni kwa watu waliokuwa wakilipwa ili waamke mapema.

Tena, kwa insafu, sharti nitaje jambo ambalo watetezi wa kujitolea hupenda kulipita upesi. Hisani ya siku zile ilikuwa hisani ya wenye nafasi. Mwenye mshahara wa serikali, nyumba ya serikali na likizo ndefu aliweza kuitoa jioni yake kwa ajili ya vipepeo. Lakini Waafrika waliokuwa wakishika nyavu, wakipanda miti na kuwaonyesha wageni viota vilipo, aghalabu majina yao hayakuingia katika orodha ya wanachama, na mara nyingi hata katika lebo hayakuingia. Kijana wa leo wa Kilifi au wa Nyandarua aliyesomea zoolojia kwa jasho la wazazi wake, akaambiwa kwamba sayansi ya kweli ni ile ifanywayo bila ya malipo, ameambiwa kwa maneno ya adabu kwamba mlango si wake. Kazi ya kuajiriwa ndiyo iliyomfungulia Hooke mlango, na mshahara halali, uliotangazwa na kushindaniwa kwa haki, ndio unaomfungulia kijana huyo. Kwa hiyo siuoni ujira kuwa doa katika nguo nyeupe ya elimu. Nauona kuwa sehemu ya uadilifu.

Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda London kulijua jambo hili, maana wazee wetu walilijua kwa njia ya wakfu. Mtu alitoa shamba la minazi au nyumba ya mawe kwa ajili ya msikiti. Mutawalli akapewa kulisimamia. Na kutokana na mapato yake alilipwa mwadhini, akalipwa mfagiaji, akalipwa mjazaji wa birika. Hakuna aliyesema kwamba adhana imeharibika kwa kuwa mwadhini ana kipato. Lakini pia kila mtu alijua kwamba shamba lile si la mutawalli wala si la mwadhini, na kwamba siku mutawalli atakapolisahau hilo, akala nazi na kuyaacha mapaa yavuje, atakuwa amefanya khiyana si kwa jirani zake walio hai tu, bali na kwa mtoaji aliyemo kaburini na kwa watoto ambao hawajazaliwa. Ujira una mahali pake, na amana ina mahali pake. Na wakfu ulistawi pale tu ambapo mahali hapo pawili hapakuchanganywa.

Hapo ndipo nawageukia wale wa upande wa pili, wanaotaka chama kiwe kampuni, kwani hatari wanayoikaribisha ni kubwa kuliko ile waikimbiayo. Mwenyekiti wa kuchaguliwa hukaa miaka miwili au mitatu. Katibu mtendaji hukaa kumi. Yeye ndiye ajuaye faili liko wapi, mkataba ulisainiwa lini, na mfadhili anapenda taarifa iandikwe vipi. Na maarifa hayo, hata yakiwa katika mikono safi kabisa, polepole hugeuka kuwa mamlaka. Halmashauri huanza kuletewa karatasi nene asubuhi ya mkutano, ikaidhinisha isichokisoma. Fauka ya hayo, fedha za wafadhili zikiwa nyingi, ada ya mwanachama huonekana kuwa kitu kidogo kisichostahili hata gharama ya kuikusanya, na mwanachama, ambaye zamani alikuwa mwenye mali, hugeuzwa kuwa mtu wa kupelekewa jarida na kualikwa chakula cha jioni. Kisha mradi hufika mwisho, mfadhili huenda zake kwa amani, watumishi hufuata mshahara kwingine, na chama hutazama nyuma kuwaita wanachama wake, kikakuta wamekwisha kutawanyika. Tofauti baina ya chama hicho na kile chetu cha sanduku la bati ni kwamba chenyewe kilikufa katika ofisi yenye kiyoyozi.

Nini basi kifanywe? Kwanza, mpaka na uandikwe. Kazi ya halmashauri ni kuamua chama kinaelekea wapi, kumteua mtendaji na kumwachisha, kuidhinisha makadirio, na kuisoma taarifa ya mkaguzi wa hesabu neno kwa neno. Si kazi yake kuuliza kwa nini sukari ya chai imenunuliwa duka lile na si hili. Nimewaona waasisi wa vyama, watu wema waliokitumikia chama ujana wao wote, wakishindwa kumwachia mwajiriwa hata uchaguzi wa bahasha, mpaka akakata tamaa akaondoka. Na manahodha wengi, kama tujuavyo, chombo huenda mrama.

Pili, ada isidharauliwe. Iwe ndogo kiasi cha kuwezekana kwa mwalimu wa kijijini, lakini ilipwe kila mwaka, na iandikwe, na gharama ya chini ya kuuweka mlango wazi, yaani pango, karani mmoja na jarida, itoke humo wala isitoke kwingine. Chama ambacho mlango wake unafunguliwa kwa fedha za wanachama chaweza kumkatalia mfadhili kwa heshima, na chama kiwezacho kukataa ndicho kiwezacho kupokea bila ya kuinama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata wanachama wasipokuwa na daftari hupotea vivyo hivyo.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ziko kazi ambazo chama chenye busara hakitazipa ujira hata kikiwa na utajiri wa kupindukia. Kuipima makala ya mwenzio kabla haijachapishwa, kwa uadilifu na bila ya jina, ni kazi ambayo wanasayansi wa dunia nzima hufanyiana kwa hisani mpaka leo, nayo ndiyo mhimili wa elimu. Kumshika mkono mwanafunzi na kumwonyesha namna ya kutazama ni kazi nyingine. Kule Nairobi, tangu mwaka 1971, kila asubuhi ya Jumatano watu hukusanyika wakatoka kwenda kutazama ndege, matembezi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, na aliyekuja kwa mara ya kwanza, asiyejua kumtofautisha chozi na kurumbiza, huenda ubavuni mwa mtu aliyewajua kwa miaka thelathini. Ofisi ya chama imekua, miradi imekuja na kwenda, lakini watu wa Jumatano bado wanatembea. Nadhani si bahati kwamba chama kilichofikisha zaidi ya karne moja ndicho kilichojaaliwa kuwa na mkurugenzi wa kulipwa na matembezi ya Jumatano kwa pamoja. Kingekuwa na kimoja tu kati ya hivyo, nahofu kwamba tusingekuwa tukikitaja.

Tuna vyama vingi vya elimu katika nchi zetu, vya waganga na wahandisi, vya walimu na wataalamu wa lugha, na vingi vyao vimesimama sasa hivi juu ya kizingiti hiki, havijui kama viingie au virudi. Viingie. Vimwajiri katibu, vimlipe kwa fedha taslimu na kwa wakati, wala visimlipe kwa vitabu vya samaki. Kisha kila mwanachama, mkutano mkuu wa mwaka ufikapo, afunge safari ahudhurie, na kabla ya hotuba na chai anyooshe mkono aulize, kwa sauti ya mtu aulizaye mali yake, daftari la ada liko wapi, na nani alilifungua mara ya mwisho.